Moto wa Hema ni wa Walio Macho

Nikiwaambia ndugu zangu wa nyumbani kwamba Oktoba naenda tena mlimani kuwinda, swali la kwanza huwa bunduki na la pili dubu. Hakuna anayeuliza nalala wapi. Na hilo la kulala ndilo lililonishughulisha akili kuliko mengine yote ya uwindaji wa huku: kupata joto ndani ya hema la turubai, mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, usiku ambao ndoo ya maji huganda kabla vyombo havijaoshwa, na asubuhi wote tuliolala tuamke.

Kambi yetu huwa kaskazini magharibi mwa jimbo la Colorado, Marekani, kwenye milima ya Flat Tops, ndani ya msitu wa taifa wa White River. Watu hufuata elki huko. Elki ni jamii ya kulungu, ila usimfikirie kulungu wa kwetu. Dume lake hupita kilo 300 na pembe zake huenda juu kama matawi. Msimu wa bunduki huanza katikati ya Oktoba na kwenda kwa vipindi hadi Novemba. Usiku baridi hufika nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na theluji huja bila hodi. Tuko watatu wa kudumu: Mmarekani mmoja mtu mzima ninayefanya naye kazi ghalani, ambaye sisi tunamwita Mzee na ameshazoea kuitika, kaka mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, na mimi wa Makete, mkoani Njombe. Mwanzoni sisi wawili tulikuwa wapishi na wabeba mizigo tu. Baadaye tulikaa darasani tukapata cheti cha mafunzo ya mwindaji, maana Colorado kila aliyezaliwa tangu 1949 ni lazima awe nacho ndipo auziwe leseni, na tukanunua yale makoti ya rangi ya chungwa inayowaka ambayo sheria inataka kila mwenye bunduki avae. Rangi ya waridi nayo inaruhusiwa. Mkongo ndiye aliyechagua ya waridi, na hajali anayecheka.

Baridi yenyewe haikunitisha sana. Makete mwezi wa Juni na Julai unaamka asubuhi unakuta jalidi imelala juu ya majani ya viazi, nyeupe, na ng'ombe wanatoa mvuke puani. Nimekua humo. Nilichokuja nacho kutoka nyumbani ni namna ya kuota moto, na ndicho nilicholazimika kukifikiria upya.

Kwetu jiko la mkaa huwashwa nje. Linapepewa, linatoa moshi, watu wanalikwepa, mpaka makaa yote yawe mekundu na moshi uishe. Hapo husemwa limekolea, na likishakolea linaingizwa chumbani. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa, na penye uwazi chini ya mlango panasukumiwa kanga kuukuu ili baridi isipenye. Kila msimu wa baridi nyanda za juu kusini husikika habari ya watu waliolala na jiko na hawakuamka. Watu husema walikosa hewa, au ulikuwa moshi. Mimi mwenyewe nilikua nikiamini hivyo, na ndiyo maana tulikuwa waangalifu sana na moshi: tusingeweza kamwe kuingiza jiko linalofuka.

Kumbe makaa yasiyo na moshi ndiyo ya kuogopa zaidi. Mkaa ni kaboni. Unapowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Moshi una kero zake, lakini walau unakufukuza; utakohoa, utatokwa machozi, utafungua mlango. Makaa mekundu yanakupa joto zuri, tulivu, na hayakuambii lolote. Gesi hiyo ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata kidogo tu hewani hujazana mwilini polepole na kuizuia damu isibebe kile inachopaswa kubeba. Chumba kinaweza kuwa na hewa ya kuvuta na bado mtu akafa. Huku Marekani kila mfuko wa mkaa wa kuchomea nyama una onyo la lazima, lenye mchoro, kwamba usiuwashe ndani ya nyumba, gari wala hema. Bado watu huingiza. Kwa mwaka, nchi hii hupoteza zaidi ya watu 400 kwa gesi hiyo pasipo nyumba kuungua.

Usiku wetu wa kwanza kambini, jiko la kuni lilikuwa linanguruma na hema lina joto kama la Dar es Salaam. Tulipomaliza kula, Mzee akaacha kuongeza kuni. Mkongo akamtazama, akaangalia jiko, akavumilia kidogo.

“Mzee, moto unazimika.”

“Naona.”

“Sasa tutalalaje?”

“Ndani ya mifuko ya kulalia,” Mzee akajibu, na kuanza kuvua buti.

Huo ndio msimamo wake na hautikisiki: moto wa hema ni wa walio macho. Unawashwa jioni kwa ajili ya kupika, kukausha nguo na kuchangamsha vidole; unawashwa tena alfajiri ili watu wavae bila kutetemeka. Katikati hapo kazi ya joto ni ya matandiko. Mwanzoni niliona ni ubahili wa kuni. Leo nikiambiwa nichague kati ya jiko zuri na mfuko mbaya wa kulalia, au mfuko mzuri bila jiko kabisa, sitafikiri mara mbili.

Basi nianze na matandiko, kwa sababu wengi hutumia fedha kwenye hita wakaja kulala juu ya godoro la hewa la dukani. Hilo godoro ni adui. Hewa iliyo ndani yake inazunguka na kukupoza mgongo usiku kucha, na hita yoyote uliyonayo inapasha joto dari. Ardhi ndiyo inayokunywa joto la mwili. Magodoro ya kambi huuzwa yakiwa na kipimo kiitwacho thamani ya R, yaani namna godoro linavyozuia joto lisitoroke. Kwa theluji tafuta inayopita 5, au weka mawili, la sponji ngumu chini na la kambi la kujaza upepo juu. Mifuko ya kulalia nayo ina namba za kudanganya wasiosoma. Ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni kiwango cha mtu kuvumilia akiwa amejikunja. Angalia namba ya kulala kwa raha, ambayo huwa juu zaidi, kisha nunua wa baridi kali kuliko unayoitarajia. Mengine ni madogo ila yanasaidia sana: soksi kavu zinazovaliwa kitandani tu, kofia ya sufu, chakula chenye mafuta kabla ya kulala, na chupa ngumu ya maji ya moto iliyovalishwa soksi na kuwekwa katikati ya mapaja. Ukibanwa na haja ndogo, toka. Kubana hakuleti usingizi. Na usizamishe pua ndani ya mfuko ukipumulia humo. Asubuhi utaukuta umelowa.

Sasa jiko. Tunatumia jiko la kuni la chuma, dogo, lenye bomba la moshi linalopanda na kutoka nje kupitia tundu la dari lililoshonewa kitambaa kisichoshika moto. Ukweli ni kwamba katika vyanzo vyote vya joto la hema, hili ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu moja: chochote linachotoa, zuri na baya, kinatoka kwa bomba. Ila bomba lifanye kazi. Lazima lipite juu ya mgongo wa hema, la sivyo upepo unaogonga paa hurudisha moshi chini. Juu yake tunafunga wavu wa kuzuia cheche, kwa maana turubai likipata cheche linatoboka kama nguo iliyoguswa na sigara. Jiko jipya huwashwa kwanza nje, nyumbani, likaungua rangi yake ya kiwandani. Ile harufu na moshi wa rangi si vya kukaa navyo hemani. Ndani ya jiko tunamwaga mchanga kidogo chini ili chuma kisiliwe na makaa, na miguu yake tunaikalisha juu ya mawe bapa au magogo mabichi, kwani theluji ya chini ikiyeyuka jiko huinama, na jiko likiinama bomba hufunguka kwenye maungio. Kuzunguka jiko tunaacha nafasi ya hatua nzima pasipo na kitu. Mzee ana desturi ya kunyoosha mkono na kugusa turubai nyuma ya jiko moto unapokuwa mkali. Akishindwa kuacha kiganja hapo, anapunguza moto. Kuna mahema ya nailoni nyepesi ambayo huuzwa bila tundu la bomba, na watu hukata tundu wenyewe. Nailoni haiungui tu, inayeyuka na kudondoka. Sitaki hata kusimama karibu.

Kuni hazina shida. Kule milimani mdudu anayekula magome ameua misonobari isiyohesabika, imesimama mikavu ya kijivu, inapasuka kwa shoka bila kulalamika. Mti mkavu uliosimama ndio wa kukata. Uliolala chini umekunywa maji. Lakini mti huohuo unaokupa kuni ndio unaoweza kukuangukia. Kabla ya kushusha hata kigingi Mzee huzunguka na shingo imeinuliwa, akitafuta mti uliokufa ulio karibu kuliko urefu wake, na ameshatuhamisha kwenye uwanja mzuri mno kwa sababu hiyo, usiku ukiwa unaingia, tumechoka, na Mkongo akisema Kifaransa ambacho nashukuru Mzee hakielewi.

Jambo lenyewe ninalotaka kulisema kuhusu jiko la kuni ni hili la usiku. Wawindaji wengi hulijaza magogo manene kabla ya kulala, wakafunga kitundu cha hewa na kile kilango cha bomba, ili moto ule kuni polepole hadi asubuhi. Nilipoona jirani wa kambi akifanya hivyo nilihisi niko Makete. Hebu tazama kinachotokea: moto umenyimwa hewa, hauna ndimi tena, umekuwa makaa, bomba limepoa, na bomba lililopoa halivuti. Jiko linaloonekana la kisasa limegeuka jiko la mkaa chumbani. Zaidi ya hapo, moto wa kubanwa huzaa masizi mazito yanayogandamana ndani ya bomba, nayo yakishika moto siku nyingine bomba zima huwa jekundu. Kama lazima moto ukae usiku, basi uwe mdogo na wenye ndimi, bomba likiwa wazi, na mtu mmoja aamke kuulisha. Tulijaribu zamu za namna hiyo usiku wa baridi kali sana. Tulichovuna ni watu watatu wenye usingizi wakibeba bunduki asubuhi, na Mzee hakupenda hesabu hiyo.

Hita ndogo za propani, zile zinazofungwa mtungi wa nusu kilo kasoro na kuwekwa sakafuni, ndizo utakazoziona kwenye mahema mengi. Zinawaka haraka, hazina majivu, na propani inaendelea kuwa gesi hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, wakati butani ya majiko madogo ya pikiniki hukataa kabisa karibu na sifuri. Tunayo moja. Tunaiwasha alfajiri tukiwa tunavaa, mlango umefunguliwa kiasi chini na tundu la juu likiwa wazi. Ila ijulikane kwamba hita hiyo haina bomba: kila inachochoma kinabaki na wewe. Na propani ikiungua hutoa maji. Mtungi mmoja ule mdogo ukiisha umemwaga hewani karibu robo tatu ya lita. Maji hayo yatapanda, yatagusa turubai baridi, yataganda, na jua likichomoza au jiko likiwashwa yatakunyeshea. Nimeona watu waliolala na hita ya gesi wakiamka na mifuko iliyolowa, wakaongeza gesi ili waikaushe, wakalowa zaidi.

Halafu kuna kile kifaa cha usalama ambacho watu hukiamini kupita kiasi. Hita nzuri za aina hii hujizima oksijeni hewani inaposhuka kutoka asilimia 21 hadi 18 hivi. Ni kitu kizuri. Lakini kinapima oksijeni kwa kutazama tabia ya mwali mdogo. Hakipimi kaboni monoksaidi, na gesi hiyo inaweza kufika kiwango cha kuua wakati oksijeni bado inatosha. Pia kwenye hewa nyembamba ya mlimani, kuanzia kama mita 2,100, hita hizo hujizima zenyewe hata mlango ukiwa wazi. Pale tunapopiga kambi msukumo wa hewa ni karibu asilimia 70 tu ya ule wa pwani. Kwa hiyo usitegemee hita ambayo hujaijaribu mwinuko huo. Nimewasikia watu wazima, wenye familia, wakielekezana namna ya kukizunguka kifaa hicho ili hita isizime. Nimewaza sana neno la kistaarabu la kuwaelezea na sijalipata.

Kinachopima gesi yenyewe ni king'ora cha kaboni monoksaidi, na bei yake haifiki hata nusu ya leseni yangu ya elki. Si vyote vinafaa hemani. Vya kawaida vya nyumbani vimetengenezwa kwa joto la sebuleni, kuanzia nyuzi 4 hivi kwenda juu. Ukikiacha usiku wa barafu huna uhakika kinahisi nini. Tafuta vile vya magari ya kulala safarini, ambavyo hupimwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na uweke betri za lithiamu kwa kuwa za kawaida hulegea baridini. Kiwe na kioo cha namba. Kwa viwango vya Marekani king'ora kinaruhusiwa kukaa kimya saa nzima, hata hadi saa nne, gesi ikiwa sehemu 70 kwa milioni. Ikifika 400 kinatakiwa kulia ndani ya dakika 4 hadi 15. Ndiyo maana mimi husoma namba, sisubiri kelele. Gesi hii uzito wake unakaribia wa hewa, haizami kama propani inayovuja, hivyo tunakitundika usawa wa vichwa vya waliolala.

Nilibeba kimoja nilipokwenda likizo Makete. Ilikuwa Julai. Jioni mama akaingiza jiko, limekolea vizuri, jekundu, hata uzi wa moshi hakuna, akabandika sufuria ya uji. Nilikuwa nimekiweka kiti cha kona bila kusema neno. Namba zikaanza kupanda, 30, 60, zikapita 100 uji haujachemka, na baada ya muda kikalia kwa sauti ile inayopasua masikio. Kuku waliokuwa wameshaingia bandani walijibu.

“Hiki kinalia nini, mwanangu, na moshi hakuna?”

“Ndiyo hicho hicho kinacholiliwa, Mama.”

Alikitazama king'ora, akalitazama jiko, akaniambia nilitoe nje mimi mwenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyeleta maneno. Tulimalizia uji ukumbini. Siku zilizofuata alikuwa akiwaita majirani waje waone namba zikipanda, na wengine walifikiri ni kipimo cha umeme. Aliniambia jambo ambalo nilikuwa nalijua bila kulitafakari: kwamba zamani, wakilala na jiko, wengine waliamka na kichwa kizito na kichefuchefu, na ilisemwa ni baridi imewaingia.

Kule mlimani kichwa kizito kina visingizio vingi zaidi. Mita 2,900 zenyewe huumiza kichwa mtu aliyetoka tambarare jana yake. Uchovu huumiza kichwa. Kuna wanaokunywa. Kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kusahau ulichokuwa unasema, vyote vinaweza kuwa mwinuko na vyote vinaweza kuwa gesi. Sisi tuna kanuni ya kienyeji: wawili wakilalamika kwa pamoja, au anayelalamika akipata nafuu baada ya kukaa nje kidogo, ni gesi hadi ithibitike vinginevyo. Hapo kila mtu anatoka, moto unazimwa na aliye na nguvu, na kama kuna aliyechanganyikiwa au aliyezimia, msaada unaitwa papo hapo kwa kifaa cha setilaiti, kwani simu za kawaida huko hazishiki. Hewa safi huanza kuisafisha damu, ila polepole. Huchukua saa nne hadi sita kupunguza gesi kwa nusu tu. Hospitali wakimpa mtu oksijeni kamili muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu. Kwa hiyo hakuna cha kusema alale kidogo atakuwa sawa.

King'ora chetu kiliwahi kulia kambini jioni moja ya upepo, theluji ikianguka kwa fujo, sisi tukiwa macho na ugali uko jikoni. Tulitoka na soksi. Mzee akahesabu vichwa, akauliza kila mmoja anajisikiaje, kisha akamulika tochi juu. Wavu wa cheche ulikuwa umejaa masizi, na juu ya masizi theluji imekaa kama kofia, bomba limebaki na kipenyo cha kidole. Chini nako theluji ilikuwa imejazana kuzunguka kuta za hema, ikaziba nafasi yote ambayo kwa kawaida hewa hupenya. Juu hakutoki, chini hakuingii. Tangu hapo wavu unapigwa brashi kila asubuhi jiko likiwa baridi, na theluji ikianza tu mtu hutoka na koleo kufukua chini ya kuta na kusukuma paa kwa ndani kwa fagio ili lisielemewe. Ugali ule ulikuwa umeshikana na sufuria. Tukaula vivyo hivyo. Maji ya mwinuko ule huchemka kwenye nyuzi 90 tu, na ugali wake unataka subira hata siku ya amani.

Kabla ya kulala kila mmoja ana kisu karibu na kichwa, maana zipu ya mlango huganda, na ukuta wa turubai ni mlango ukiwa na kisu. Kizima moto kiko upande wa pili wa jiko, yaani upande wetu. Mitungi ya gesi hulala nje.

Bunduki nazo hulala nje ya joto, na hili lilinishangaza mwanzoni. Ukiingiza bunduki baridi ndani ya hema lenye joto na mvuke, chuma kinatoka jasho, darubini inaingia ukungu, na ukiitoa alfajiri lile jasho linaganda ndani ya kifyatulio. Zetu hukaa ndani ya ala zake, hazina risasi, kwenye kibaraza cha hema ambako jiko halifiki. Nyama ndiyo usiseme: elki akipatikana, mapaja huning'inizwa mtini ndani ya mifuko ya kitambaa, kivulini, mbali kabisa na joto letu. Baridi inayotutesa sisi ndiyo friji.

Wanaopanda mlima kwa miguu, kambi yote mgongoni, sioni wanahitaji hita ya aina yoyote. Waongeze uzito huo kwenye mfuko wa kulalia na chakula.

Siku hizi kuna hita za dizeli, nyingi zinatoka China, na Mkongo ameshanunua moja. Ndani yake moto uko kwenye chumba chake peke yake. Moshi unatoka kwa bomba lake, na feni inasukuma hewa safi iliyopashwa joto kupitia bomba jingine. Tunaiweka nje kabisa, ndani ya sanduku la chuma, mdomo wa moshi ukielekea upepo unakokwenda na mbali na mahali inapovuta hewa, kisha bomba la joto tu ndilo linaloingia hemani. Hewa inayotoka ni kavu, nguo zinakauka vizuri ajabu. Inataka betri nzuri, hasa wakati wa kuwaka, na mwinuko wetu huifanya ijae masizi usipoirekebisha kiasi cha mafuta. Dizeli nayo iwe ya majira ya baridi, la sivyo inaganda kama samli. Hata hiyo, king'ora hakiondolewi pale juu. Mkongo anataka iwake usiku kucha. Mzee anasema ile pampu yake inayogonga tik tik itawaambia elki wote tuko wapi. Mwaka huu tumekubaliana ibebwe, kuni nazo zikatwe kama kawaida, kwa sababu bomba la hewa ya moto haliwezi kubandikwa sufuria.